Shangazi, mpilipili wangu umegusa taa

Karibuni tena. Mwezi huu barua ni za mimea ya ndani tu, pilipili na nyanya za kwenye ndoo chini ya taa, na karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, nikate au nikunje. Nimechagua nane, zingine zinafanana mno mtajiona humuhumu.

Shikamoo Shangazi. Nina mpilipili mmoja ndani ya kabati, uko kwenye ndoo ya lita 10 na juu nimefunga taa ya LED. Umekua kama fimbo, sentimita 45 sa hivi, shina moja tu hata tawi hakuna, na ncha imegusa taa mpaka majani ya juu yamekuwa meupe. Rafiki yangu mmoja kasema kata kichwa, mwingine kasema usikate, kunja. Nimsikilize nani? – Mrefu wa Kabatini

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote nenda kapandishe taa alafu urudi tuendelee. Hayo majani meupe yameungua na mwanga, hayarudi kuwa kijani tena, ila usiyanyofoe, yaache. Na huo urefu usidhani ni afya, mche ukilelewa mbali na taa au chini ya taa dhaifu unajinyoosha kuutafuta mwanga, pingili zinakuwa ndefu na shina jembamba, kwahiyo wewe ulianza na taa ikiwa mbali, mmea ukaifuata hukohuko juu, na sasa umeifikia unaungua.

Sa nikate au nikunje. Kunja. Huyo rafiki wa kukata hajakosea kabisa nitamfikia, ila mimi kanuni yangu ni moja, kinachokunjika hakikatwi. Manake ukikata unatupa majani na shina ambavyo mmea umevihangaikia wiki nzima nzima, ukikunja unabaki navyo vyote.

Tatizo lako hasa ni kwamba taa ya ndani siyo jua. Jua liko mbali mno kiasi kwamba ncha ya mmea na jani la chini kabisa kwa jua ni palepale, kinachowatofautisha ni kivuli tu. Taa yako iko vidole vichache juu ya mmea. Kwa balbu moja ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, ukiongeza mara tatu inabaki moja ya tisa, hizi paneli pana za LED hazishuki kwa kasi hiyo ila kushuka zinashuka. Kwahiyo ncha iliyo sentimita 20 kutoka kwenye taa inaungua wakati jani lililo sentimita 60 linalia njaa, na yote ni ya mmea mmoja. Ndani ya kabati tunataka mmea mpana kama meza, kila ncha iko sawa na mwenzake.

Alafu kuna siasa ya ndani ya mmea wenyewe. Ile ncha ya juu inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka kwenye shina, na inavyoshuka vile vichipukizi vilivyolala kwenye makwapa ya majani vinabaki vimelala. Miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za mimea ya jamii ya maharage wakapaka oksini pale kwenye kidonda, na vichipukizi vya pembeni vikaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Siku hizi inajulikana kwamba siyo oksini peke yake, utafiti uliofanyika kwenye njegere ukatoka 2014 ulionyesha kwamba ncha ikiondolewa, sukari iliyokuwa inavutwa huko juu inageukia kwenye vichipukizi na ndo inayoviamsha, kabla hata upungufu wa oksini haujawafikia walioko chini. Yaani ncha ni kama yule mtoto mkubwa anayekula sahani peke yake wenzake wanaangalia. Ukimlaza chini wenzake wote wanafikisha mkono.

Namna ya kulaza. Usimwagilie siku hiyo, subiri udongo ukauke kidogo na mmea ulegee, manake mmea ulioshiba maji unakatika kama chaki. Kwanza lifunge shina pale chini kabisa kwenye ukingo wa upande mmoja, hiyo ndo nanga, wengi wanairuka alafu wakivuta wanang'oa mizizi. Upande wa pili wa ndoo toboa tundu ukingoni, tumia kitu laini, mimi nachana tisheti kuukuu, uzi mwembamba na waya mtupu vinakata ngozi ya shina. Shika shina kwa mikono miwili, lichezeshe taratibu kwa vidole gumba mpaka ulisikie linalainika, vuta kidogo, funga, ondoka. Kesho yake utakuta ncha imeinua shingo tena kama bata, wala usikasirike, mmea unajua juu ni wapi, kesho kutwa unavuta tena kidogo. Kama wiki moja hivi shina litakuwa limelala na utaanza kuona vitawi vinachomoza kila kwapa lililotazama juu. Sehemu ya chini ikishakuwa ya kahawia na ngumu usiiguse, unakunja penye kijani tu.

Sasa yule rafiki wa kukata. Kukata kunafaa mche ukiwa bado mdogo, una majani halisi (siyo yale mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu) 6 mpaka 8, unakata juu ya jani la 4 au la 5 na mkasi safi, alafu unakaa siku 7 mpaka 14 hauoni cha maana, ndo matawi yanakuja. Maua yatachelewa, hilo ulijue mapema usije ukanilaumu. Na kuna kitu cha pilipili ambacho wanaotoka kwenye mimea mingine hawakijui, mpilipili unajigawa wenyewe. Ukifika majani 8 mpaka 12 hivi unatoa ua pale juu na chini ya hilo ua shina linagawanyika mara mbili, saa nyingine tatu, kama manati, na kila tawi linaenda linagawanyika tena hivohivo mpaka mwisho. Ukishaona manati weka mkasi chini, mmea umeshajifanyia ulichotaka kuufanyia. Hilo ua la kwanza la pale kwenye manati unaweza kulitoa kama mmea bado mdogo, tunda lake linavuta chakula wakati mmea haujajenga mwili.

Kwenye grinhausi Waholanzi wanachukua matawi mawili tu ya ile manati wanayapandisha na kamba mpaka juu, kila tawi la pembeni linakatwa fupi, Wahispania wao karibu hawakati kitu, wanazungushia kamba ubavuni mmea usianguke basi. Wote wanavuna. Wewe kwenye kabati huna dari la Mholanzi.

Shangazi mambo. Niliona video jamaa ananyoa majani yote makubwa ya nyanya eti mwanga uingie ndani, na mimi nikanyoa karibu nusu ya majani. Sa hivi wiki ya pili mmea umeduwaa tu, hauendi mbele wala nyuma. – Kinyozi

Poa, na jina umejipa mwenyewe. Sikiliza Kinyozi, jani kubwa la kijani lililo juu ndo jiko la nyumba, ndo linalopika sukari, maua na matunda ni wageni wanaosubiri mezani, sa wewe umebomoa jiko ili wageni waone vizuri. Karibu sukari yote inayoingia kwenye tunda imepikwa kwenye jani kwanza. Tunda lenyewe la kijani linapika kidogo ndiyo, ila kidogo kweli.

Hiyo video haikutoka hewani lakini. Wakulima wakubwa wa nyanya ndefu wanatoa majani kila wiki, mmea mmoja ukiwa na nguvu unatengeneza majani kama matatu na shada moja kwa wiki, na wao wanatoa majani idadi hiyohiyo. Ila angalia wanayatoa wapi. Chini. Yale yaliyopita shada linaloiva, yaliyozeeka, yenye kivuli, ambayo hayapiki tena chochote na yanakaa tu kuzuia hewa na kuita ukungu. Juu hawagusi. Mtu anaona mtu ana mkasi anasahau kuangalia mkasi uko usawa gani.

Sasa hivi usifanye kitu, na hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote najua. Usiongeze mbolea eti uusaidie, mmea hauna majani ya kuitumia, chumvi zitajaa kwenye udongo. Punguza kumwagilia, maji mengi yanatoka kupitia majani na wewe umeyapunguza nusu, ukiendelea na kipimo cha zamani mizizi itakaa kwenye matope. Pandisha taa kidogo, manake majani ya ndani yaliyozoea kivuli sasa yamefunuliwa ghafla. Ukiona jani jipya linafunguka pale kwenye ncha ujue umesamehewa. Na siku nyingine jani likiziba tawi lichukue tu ulipitishe nyuma ya hilo tawi, ulikunje chini, bure kabisa. Kama lazima utoe, usizidi theluthi moja kwa mkupuo, na mimi hata hiyo theluthi naiona nyingi, natoa mawili matatu naacha siku kadhaa.

Habari Shangazi, mimi nilikata ncha ya mnyanya wangu nikitegemea utatoa matawi mengi kama ulivosema kwa pilipili, umetoa vitawi viwili vya ajabu na nyanya nne. Ni aina ile mifupi ya kupandwa kwenye vyungu. Nimekosea wapi? – Nyanya Nne

Nzuri mwanangu, pole. Umekosea mmea siyo mkono. Nyanya ziko za aina mbili. Ndefu hazina mwisho, zinatoa shada la maua kila baada ya majani matatu na zinaendelea hivohivo mpaka zife au zigonge dari. Fupi zimeandikiwa mwisho wake ndani ya mbegu, zinatoa mashada yanayokaribiana karibiana alafu ncha yenyewe inageuka ua na habari inaishia hapo. Hii tabia ilitokea yenyewe kwenye shamba Florida mwaka 1914, badiliko moja la kijeni, na nyanya nyingi za kiwandani zinazovunwa na mashine zimetokana na hilo manake zinaiva karibu pamoja. Kuna nyingine fupi zaidi inaitwa Micro-Tom, nayo ya Florida, ilitolewa 1989 kama ua la mapambo, haizidi sentimita 20 hivi, siku hizi wanasayansi wanaitumia maabara kwasababu inakaa popote.

Sa mmea wa hivo muda wake ni mfupi na umehesabiwa. Ukiukata unatumia wiki mbili kupona kutoka kwenye maisha yenye wiki chache tu, na hauna wiki za kufidia. Fupi usikate, na maotea yake ya makwapani usitoe, ndo yanayobeba nyanya. Unachoruhusiwa ni kuyatanua kwa kamba ili katikati paingie mwanga, na kutoa majani ya chini yanayogusa udongo. Basi.

Ndefu ndo kinyume chake, maotea unayatoa yakiwa madogo urefu wa kidole, kwa mkono, unayasukuma pembeni yanakatika yenyewe, unabaki na shina moja au mawili. Likigonga dari una njia mbili, ama unalegeza kamba unalishusha shina lilale chini mlalo huku ncha ikiendelea kupanda, grinhausi wanafanya hivo msimu mzima mpaka shina linapita mita 10, ama unakata ncha majani mawili juu ya shada la mwisho ili mmea umalizie kuivisha ulichonacho. Na oteo ulilotoa usilitupe, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, nyanya inaotesha mizizi kwenye shina bila kubembelezwa.

Shangazi naomba unieleze huo wavu, naona watu wanafunga wavu mlalo juu ya mimea kama neti ya mpira. Nina nafasi ya mita moja kwa moja. Unafaa? – Golikipa

Unafaa, na ukiufanya vizuri hakuna njia inayosawazisha ncha kama hiyo. Unafunga wavu wenye matundu ya sentimita 10 mpaka 15, sentimita 25 au 30 juu ya ukingo wa ndoo, mmea ukikua ukapenya tundu unaurudisha chini ya wavu unaupeleka tundu la jirani, kila siku hivohivo, mpaka kama theluthi mbili ya wavu imejaa ndo unaacha ncha zipande juu sasa. Mapema usifunge, mmea ukiwa haujaufikia wavu hauna kazi, na ukichelewa unakuta matawi yameshakuwa magumu unayavunja ukiyapitisha.

Sa nikwambie na upande wa pili ambao anayeuza wavu hatokwambia. Ukishafunga ndoo haitoki tena. Mimi nilifunga mwaka mmoja, mmea ukajaa vizuri mpaka nikawa naonyesha wageni, alafu ndoo moja ya nyuma ikawa inavuja maji na siwezi kuitoa wala kuinama kuiona, nikawa napanguza sakafu kwa fimbo yenye kitambaa miezi miwili. Wakaja utitiri. Utitiri unakaa mgongoni mwa majani, na majani yote yako nyuma ya wavu, kwenye kona ambayo mkono haufiki, mpaka nakuja kuona vile vinyuzi vyao kama vya buibui walishajaa. Tangu siku hiyo natumia wavu kama nina mmea mmoja au miwili na naweza kuizunguka pande tatu. Na pilipili unavuna kila wiki, unaingiza mkono kwenye matundu unatoka na matawi, kwa pilipili mimi nabaki na kamba zangu kila ndoo na zake.

Na kama unasafiri safiri usifunge wavu. Siku nne tu bila kuupitisha zinatosha ncha kupanda na hazirudi.

Shikamoo, mimi kukunja na kufunga nimefanya yote, mmea mpana mzuri kijani umejaa maua, ila maua yanadondoka. Nyanya hakuna. Tenti yangu ya kuoteshea ndani ina feni moja ya kutoa hewa. – Maua Tu

Marahaba, na hongera manake kazi ngumu umeimaliza, iliyobaki ni ndogo. Ndani hakuna upepo wala nyuki. Ua la mnyanya lina dume na jike humohumo, halihitaji mwenzake, ila chavua imefungiwa ndani ya kijibomba na haitoki mpaka ua litetemeshwe. Shambani upepo unatikisa, na kuna wale nyuki wanene wenye manyoya wanaling'ang'ania ua wanatetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua inamwagika. Grinhausi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilianza kununua hao nyuki kwa boksi, kabla ya hapo kulikuwa na watu wanapita na kijiti cha umeme kinachotetemeka, shada moja baada ya lingine. Wewe chukua mswaki wa umeme wa zamani, gusisha mgongo wake kwenye kikonyo cha shada, siyo kwenye ua lenyewe, sekunde mbili tatu, mchana, kila baada ya siku moja. Kama huna mswaki wa umeme gonga kamba inayoshikilia mmea kwa kidole. Ukiona vumbi la njano linaanguka ndo lenyewe. Pilipili yenyewe siyo mgumu hivo, kuutikisa tu inatosha.

Feni ya kutoa hewa ni nzuri ila ongeza nyingine ndogo ya kupuliza ndani, majani yacheze cheze kidogo. Itakusaidia na mashina pia, mmea unaotikiswa unajijenga mfupi na mnene, mwanasayansi Jaffe aliipa jina tabia hiyo mwaka 1973 na jina lenyewe refu mno sitakusumbua nalo.

Likigoma bado angalia joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 chavua ya nyanya inaharibika, na usiku ukibaki wa moto maua yanadondoka vilevile, usiku wa nyuzi 16 mpaka 20 ndo raha yake. Tenti nyingi zina joto kwasababu ya taa, washa taa usiku wa nje uzime mchana kama joto la nje ndo linakusumbua, mmea haujui saa za ukutani. Hewa nayo ikiwa na unyevu mwingi chavua inagandana, ikiwa kavu sana haishiki, asilimia 60 mpaka 70 ni pazuri. Na kama majani ni kijani cheusi yamejikunja kama makucha, umemzidishia nitrojeni, anajenga majani hana habari na kuzaa.

Taa niiwashe masaa mangapi? Nataka 24 mmea usipumzike uzae haraka. – Bila Kulala

Hapana. Nyanya ikiwashiwa bila kuzimwa majani yanatoka madoa ya njano na mavuno yanashuka badala ya kupanda, hiyo imejulikana miaka mingi. Weka taima masaa 16 zima 8. Ukiwa na kipimo cha mwanga kinachosoma maikromoli, yaani kiasi cha mwanga kinachoufikia mmea kila sekunde, zidisha maikromoli kwa masaa kwa 0.0036 unapata moli za siku nzima, mfano 400 kwa masaa 16 ni 23, na mmea unaozaa wa nyanya au pilipili unataka kati ya 20 na 30. Kama umepungukiwa ongeza taa au isogeze, siyo masaa. Na usipime katikati peke yake, pima na pembeni na chini ya zile ncha ulizozikunja, hapo ndo utajua kama kukunja kwako kumesaidia au unacheza na kamba tu.

Shangazi mume wangu anavuta sigara na ndo anayenisaidia kutoa maotea. Shosti ananiambia sigara inaua nyanya. Kweli au uzushi? – Mama wa Ndoo Sita

Dada yangu, shosti yuko sahihi kwa nusu. Moshi siyo shida kubwa, shida ni vidole. Kuna kirusi cha batobato ya tumbaku, kinakaa kwenye tumbaku iliyokaushwa muda mrefu bila kufa na kinaishi kwenye nyanya na pilipili vilevile, zote ni ukoo mmoja. Mtu akitoka kushika tumbaku akaja kuvunja maotea, kila kidonda anachoacha ni mlango. Kuna kingine kipya cha ukoo huohuo, kilielezwa mara ya kwanza kwenye nyanya za Jordan mwaka 2015, kinaitwa kirusi cha mikunjo ya kahawia, nacho kinasafiri kwa mikono na mikasi hivohivo na kimesumbua grinhausi za nchi nyingi. Dawa ya kirusi kwenye mmea hakuna, unaung'oa.

Kwahiyo mzee anawe mikono kwa sabuni, asugue hasa, ndo aguse mmea, na asiingie na sigara sikioni. Mkasi loweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji sehemu 1 kwa 9 dakika kadhaa alafu usuuze, ile spiriti ya kufutia ni nzuri kwa bakteria na ukungu ila kwa hawa virusi usiitegemee. Anza na ndoo zenye afya umalizie na ile unayoishuku, siyo kinyume. Wakulima wengine wanachovya mikono kwenye maziwa yasiyo na mafuta kati ya mmea na mmea, protini ya maziwa inakizuia kirusi kushika, siyo uchawi huo.

Shangazi haraka jamani, nimekunja nikasikia kaa, tawi limevunjika nusu linaning'inia, nimelishikilia kwa mkono mmoja naandika na mwingine. Ni lile kubwa lenye pilipili. – Kaa

Nimeisoma barua yako siku tatu baadaye kwahiyo natumaini mkono ulishaupumzisha. Kwa yeyote atakayesikia hiyo kaa, kama ngozi upande mmoja bado imeshika lirudishe tawi palepale lilipokuwa, mdomo wa kidonda ukutane vizuri, zungushia tepu kwa kukaza kiasi, hata ya umeme inafaa, alafu ulifunge kijiti pembeni kama mguu uliovunjika na kamba ya kulibeba kwa juu lisining'inie na uzito wake. Matunda makubwa ya kwenye tawi hilo yatoe yote hata kama roho inauma. Litanyauka siku hiyo, punguza mwanga kidogo, likiwa limesimama kesho yake au kesho kutwa limepona. Tepu usiifungue kabla ya wiki 2, na ukiifungua utakuta pale palipovunjika pamevimba kama goti, na hapo hapavunjiki tena kirahisi. Kama limekatika lote mikononi, kata pasawazike juu ya jani la karibu uache mmea uamue utatoa tawi wapi, alafu wiki hiyo usikunje lingine lolote.